Kengele ya Kilichovunjika

Faida, binti yangu, mama yangu,

Nimekaa kwenye meza yangu ya ulinzi hapa Kituoni, kwenye nyumba yetu ya sayansi ya Jacobs, saa tisa alasiri. Shule ya mwisho imeondoka sasa hivi, watoto sitini kutoka Umlazi, na kelele zao bado ziko masikioni mwangu. Nimechukua karatasi kwenye mashine ya kopi, nimeomba kalamu kwa dada wa tiketi, na nimejikuta nimekaa kama zamani nikisahihisha mitihani. Kesho asubuhi unapanda basi la Kimberley kwenda kuanza kazi. Leo jioni, kabla hatujala, nitakupa barua hii mkononi.

Mambo ya blanketi, ya mboga ya sombe iliyogandishwa, ya kutafuta kanisa mapema na kutowaamini wenye nyumba wanaocheka sana, mama yako amekwisha kukuambia mara nne na kesho atakuambia tena mlangoni mwa basi. Mimi siongezi. Nina jambo moja tu na nimelibeba miaka saba. Ningelisema kwa mdomo, lakini wewe unanijua. Mdomo wangu ukiona jambo gumu mbele unazunguka, unapitia Uvira, unapitia Bujumbura, unaingia kwenye siasa, na mwishowe naomba chumvi.

Jumapili iliyopita ulikuwa unakunja nguo zako kitandani, unaimba vibaya kama kawaida yako, ukanigeukia ukasema, "Papa, safari hii wamenitaka. Ile ya kwanza walinikataa, lakini safari hii wamenitaka." Ulikuwa na furaha. Mimi nilitoka nikaenda kusimama jikoni, na mama yako alipouliza iko nini nikasema ni kitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Faida, watu wa Kituo hawakukukataa. Ulipokuwa na miaka kumi na tano hawakukukataa hata kidogo. Ni mimi. Nitakueleza ilivyokuwa, na nakuomba usiruke mistari, maana ukisoma mwisho peke yake utamwona mwizi tu, na mimi nataka umwone mwizi unayemjua.

Unajua nilikuwa mwalimu wa biolojia Uvira. Hujui kwamba nilikuwa mwalimu mwenye ufunguo. Shule yetu ilikuwa na hadubini moja, sisi tuliiita mikroskopi, iliyoletwa na mapadri zamani na kufungiwa kwenye kabati la vioo ndani ya ofisi ya prefe, mkuu wetu wa shule. Nilipokuwa mwanafunzi pale niliichora ile hadubini labda mara ishirini. Hata leo naweza kuichora nimefumba macho, pamoja na majina ya sehemu zake zote. Nilipata tisa juu ya kumi. Lakini kuweka jicho langu pale juu nikaangalia, hapana. Halafu nikawa mwalimu, na prefe akanikabidhi ufunguo mbele ya walimu wote. Eh, nilitembea! Niliufunga kwenye mnyororo wa suruali ili usikike ukilia.

Nilikaa na ufunguo ule miaka minane. Nilifungua kabati siku za inspekta tu. Nafuta vumbi, inspekta anaandika kwamba shule ina hadubini, nafunga. Siku nyingine zote niliichora ubaoni na watoto wakaichora kwenye madaftari, kama mimi nilivyofanya. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, kwani ukiangalia ndani unaona nini?" Nilimpigia kelele akae chini achore.

Vita vilipofika, watu walivunja kabati wakitafuta pesa, na hadubini wakaitupa uani. Niliiokota, nikapuliza mchanga, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaweka jicho. Sikuona kitu. Ukungu ulikuwa umeota ndani ya lenzi, mweupe, umejaa pote. Wale watu hawakuiharibu, mama. Ilikuwa imekufa zamani, ndani ya kabati, mimi nikiwa mlangoni naitunza. Niliiweka juu ya ngazi za darasa la tatu, nikaenda kumchukua mama yako, naye alikuwa na mimba yako ya miezi saba.

Sasa Kituo. Huko Kimberley watakuuliza hizi nyumba za sayansi zilianzaje, na nakuomba usiwasomee kile kikaratasi cha wageni, kina maneno mengi na hakina mtu. Waambie habari ya buti la gari. Enzi za ubaguzi, Anti Saro, huyu mkuu wetu wa Kituo, alikuwa mwalimu kijana kwenye shule ya Wahindi, na rafiki yake alikuwa mwalimu wa Kizulu huko Umlazi. Serikali ya wakati ule ilikuwa imegawa hata shule kwa rangi, na zile za watu weusi zilipewa chaki na vumbi. Basi hawa wawili walijaza buti la gari sumaku, vioo, betri, mitungi ya jamu na nyaya, na alasiri baada ya kazi walikwenda kupanga vile vitu kwenye meza za kanisa. Hawakufundisha. Walipanga tu, wakarudi nyuma, wakaacha mikono ya watoto ifanye kazi. Anti Saro anasema siku ya kwanza walirudi na nusu ya vitu vimevunjika, na rafiki yake alicheka njia nzima.

Rafiki yule hakuishi kuona nchi ikibadilika. Anti Saro aliona, akaomba jengo, akazungushwa sana, mwisho akapewa ghala hili la zamani la rangi ambalo hakuna mtu aliyelitaka. Ndiyo maana siku za joto bado tunanusa rangi. Aliweka meza zilezile na kazi ileile, kwamba mtoto yeyote, hata asiye na viatu, aingie aguse kitu kinachoguswa na watoto wa shule za matajiri. Hiyo ndiyo nia yao yote. Unaweza kuisema ukiwa umesimama kwenye robot ukisubiri taa ya kijani.

Na mahali kama hapa ndipo walipoleta mlinzi kutoka Uvira.

Hii nimekuhadithia nusu tu, ile nusu ya kuchekesha. Nilikuwa nimelinda magari ya wanafunzi Glenwood miaka mingi, mvua yangu, jua langu. Waliponipa sare na kuta nne nikajiambia, hapa sitafanya kosa hata moja. Nikasimama mikono nyuma kama prefe. Mtoto akinyoosha kidole, "Ungathinti!" Usiguse. Kizulu changu kilikuwa cha maneno kumi, lakini hilo nilikuwa nalo. Wiki tatu, Faida, hakuna mtoto aliyegusa kitu. Walimu walinisifu. Vioo viling'aa. Nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo.

Ndipo Anti Saro akanifuata pale kwenye lile tufe la chuma linalosimamisha nywele, wakati namvuta mkono mtoto mmoja. Akasema, "Papa, unalinda vizuri mno." Nikasema asante. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha alinishika mkono wangu, mzee mzima, akauweka juu ya tufe na kuwasha. Kichwani unajua sina kitu, upara huu nilirithi. Lakini nywele za mkono zilisimama zote mpaka kwenye kiwiko, na watoto arobaini wakapiga kelele, "Papa! Papa!" Nikacheka na mimi. Nilipofika chooni nililia, kwa sababu nilikuwa na miaka arobaini na moja na ilikuwa mara yangu ya kwanza kugusa sayansi niliyokuwa nimeifundisha.

Kengele unaikumbuka, huna haja ya kuambiwa, lakini ngoja niandike, mimi napenda kuikumbuka. Kitu kikivunjika kwa kutumiwa, Anti Saro anapiga ile kengele ya shule yake ya zamani na kila mtu anapiga makofi. Aliyekivunja anapewa bisibisi, wanakifungua pamoja na kuona kilichochoka ndani. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, Jumamosi, unazungusha ule mpini unaowasha taa. Ulizungusha, ulizungusha, wewe na kichwa chako kigumu, mpaka mpini ukakatika ukabaki nao mkononi. Mimi nilikuwa nakuja kutoka mlangoni na mkono umekwisha kuinuka. Ningekupiga mbele ya watu wote. Kengele ikalia. Watu wakapiga makofi, mkono wangu uko juu, sikujua niupeleke wapi, na mimi nikapiga makofi.

Ile bisibisi ya mpini mwekundu hukuirudisha. Ulilala nayo chini ya mto. Ulifungua redio yangu, ulifungua pasi ya mama yako, mama yako akafunga mashine ya nywele kabatini na kunifokea, "Papa Faida, mtoto wako atatufungua na sisi!" Sijawahi kuwa na furaha nyumbani kwetu kama miaka ile mitatu. Nasema kweli.

Halafu ulifika miaka kumi na tano. Anti Saro alikuwa anachagua waelezi, wale vijana wa aproni za njano wanaosimama kando ya vifaa na kwenda na gari la Kituo mpaka shule za mbali. Alichagua sita. Jina lako lilikuwa la kwanza juu. Alinipa fomu yako mkononi, hapa hapa kwenye meza hii, akasema, "Jumatatu, Papa, na sahihi." Fomu ilitaka sahihi ya mzazi na kopi ya karatasi zetu za ukimbizi.

Karatasi zetu zilikuwa zimekwisha muda na nilikuwa sijafaulu kuzifanya upya. Mwaka ule pia, unakumbuka, tulilala kanisani siku nne kwa sababu ya wale waliokuwa wanafukuza wageni mjini. Nilikuwa nikisikia gari limesimama nje, nasimama na mimi. Nilitazama ile fomu nikaona jina lako linaingia kwenye faili, faili linaingia kwenye kompyuta, kompyuta inaita polisi. Leo naona ni upuuzi. Anti Saro angetusaidia hata na zile karatasi kama ningemwambia. Sikumwambia. Nikaiweka fomu mfukoni, nikafunga kabati.

Jumatatu nilimwambia Anti Saro kwamba hutaki, kwamba unaona Kituo ni mchezo wa watoto. Jioni nilikuambia wewe kwamba wamechagua wengine.

Uliuliza, "Wamechukua nani?"

Nikataja watano.

Ulihesabu majina kwa vidole. Kisha ukasema, "Wote ni watoto wa hapa." Nikanyamaza, Faida. Hapo ndipo ningeweza kusema. Nilikuona unaelewa vibaya, kwamba wamekukataa kwa sababu ya ugeni wetu, nikakuacha uelewe vibaya, kwa sababu ilinirahisishia. Ukasema, "Sawa, papa. Sharp," ukaweka bisibisi mezani ukaniambia niirudishe kwa wenyewe.

Tangu siku ile hukuingia tena hapa. Ulipokutana na Anti Saro sokoni ulivuka barabara, na yeye aliona. Miaka saba umewachukia watu waliokupenda, nao wamefikiri umewadharau, na katikati nilikuwa nimekaa mimi, nasalimia pande zote mbili. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi, niliitembea kila asubuhi kwenye taksi ya Jacobs.

Wewe hukukaa kulia. Ulikwenda kwenye duka la simu mjini kufagia, baada ya miezi wakakuacha ushike simu, baada ya mwaka ulikuwa unatengeneza bodi zake za ndani. Mchungaji wetu hana simu ambayo hujaifungua. Siku moja nilipita dukani kukuletea chakula ukaniita, "Papa, kuja uone." Ukanikalisha kwenye kiti chako, ukaniwekea jicho kwenye hadubini ya kazi. Nikaona njia ndogo za shaba, safi, zinang'aa, na ncha ya kibano chako inatembea kati yake. Uliniuliza mbona nimenyamaza. Nilisema macho yangu yamechoka. Uongo mwingine. Nilikuwa naona ndani ya hadubini kwa mara ya kwanza, na ni wewe uliyenifungulia.

Ndiyo maana mwaka jana, ule ukuta wa sauti wa Kituo ulipokufa, nilichukua bodi yake bila ruhusa, nikaiweka ndani ya mfuko wa plastiki na kukuletea. Sikukuambia inatoka wapi, nawe hukuuliza. Uliigeuza mara mbili ukasema, "Eish, papa, hii iko na shida ndogo tu." Nilipoirudisha ikaimba, Anti Saro aliuliza nani ameitengeneza. Nikasema binti yangu. Akasema, "Yule ambaye hakututaka?" Nikatazama viatu vyangu. Hata hivyo, waliposikia Kimberley inafungua kituo chake kidogo na inatafuta fundi wa vifaa, ni yeye aliyeandika jina lako, kwa mkono wake, mtu ambaye alifikiri ulimdharau. Na wewe ukakubali kwenda kwa watu ambao ulifikiri walikukataa. Nyinyi wawili mmenizidi utu, na sina njia ya kulisema hilo vizuri.

Nilikuwa nimepanga kuiingiza barua hii ndani ya mkoba wako, uisome ukiwa mbali, umekwisha kupita Bloemfontein, na mimi niko salama nyumbani Greyville. Mama yako ndiye aliyenizuia. Amejua tangu mwaka ule, nilimwambia, akasema tu, "Huo mfupa umeumeza wewe, wewe ndiye utakayeutoa." Jana usiku alinitazama nikipapasa mifuko ya mkoba wako akaniambia, "Ukimwacha aisomee kwenye basi atalia kati ya watu asiowajua. Umpe akiwa kwenye kiti chake hapa nyumbani." Ni kweli. Ningekuwa nimefunga kabati mara ya pili.

Leo mchana nilianza na Anti Saro. Niliingia ofisini, nikabaki nimesimama, nikasema yote. Alivua miwani. Amezeeka, nilikuwa sijaona. Alisema, "Miaka saba, Papa." Nikasema ndiyo. Nilifikiri atanifukuza, na nilikuwa nimevaa shati langu ndani ya sare ili nivue sare palepale. Akainuka, akapita kando yangu, akaenda mpaka kwenye kengele, akaipiga. Dada wa tiketi akapiga makofi, na watoto wa Umlazi wote wakapiga makofi, wanageuka huku na huku wanatafuta. Mmoja akauliza, "Kimevunjika nini?" Anti Saro akasema, "Muulizeni Papa." Kisha akaniambia polepole, "Kazi inayofuata unaijua."

Huko uendako utapata mlinzi. Wiki ya kwanza mtazame. Ukiona hakuna mtoto anayegusa kitu, usimcheke sana, mshike mkono umpeleke kwenye tufe. Sikuambii usiogope. Hofu yangu iliwatoa nyinyi wawili, wewe na mama yako, Uvira mkiwa hai, siitukani. Lakini siku hofu ikikuambia kaa kimya kwa ajili ya mtu unayempenda, muulize yule mtu kwanza. Mimi sikukuuliza. Hilo tu ndilo ninalolijua, na nimelijua kwa kukuumiza.

Nakupenda, Faida. Nilikupenda na siku ile pia, na haikusaidia kitu.

Ndani ya bahasha utakuta vitu viwili. Fomu ni ileile, imekunjika kwa kukaa mfukoni, jina lako juu. Kwenye nafasi ya mzazi nimeweka sahihi leo, saa nane na nusu, Anti Saro akiwa shahidi. Haikurudishii kitu, najua. Bisibisi ni yako, sikuirudisha kamwe, uongo huo pia uongeze.

Sasa inua macho. Nimekaa hapa, ng'ambo ya meza, mama yako amezima jiko na hakuna anayekula mpaka useme. Kilichovunjika ni hiki, na aliyekivunja ni mimi. Fungua.

Papa yako